Kiini Kilichojua Kunyamaza

Mdogo wangu alipotolewa duarani mara ya kwanza alikuwa amelegea, mate yanamtoka, na hakuwa amepiga kelele hata moja. Duara ndivyo wanavyoita shimo la kuchimbia dhahabu kule Nyarugusu. Kazi yao ina desturi yake: aliye chini anaivuta kamba mara kwa mara, na aliye juu kwenye winchi anamjibu kwa kuivuta. Siku hiyo kamba ilinyamaza. Wa juu hakungoja kuambiwa, akazungusha winchi, na mdogo wangu akapanda kama gunia. Hewa chini ilikuwa imeharibika.

Alirudi nyumbani kwetu Ngokolo akakaa wiki kadhaa, anakula michembe, viazi vilivyokaushwa, kwa karanga na kumtania mama yetu. Akikisimulia kisa chenyewe anakisimulia kwa kicheko, eti alidhani anasinzia tu. Kisha asubuhi moja nikamkuta anakunja nguo zake. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Kazini, dada. Kwani niliacha?"

Nilishikwa na hasira. Mama ndiye aliyesema, kwa Kisukuma na kwa sauti, na yeye akamsikiliza kwa adabu zote huku anaendelea kukunja. Ana mke, ana watoto, na pamba mwaka ule haikumpa kitu. Nilijua hazuiliki. Basi nikamwambia nenda, lakini chini hushuki mpaka nikutengenezee kitu cha kuwaambia watu hewa ikiharibika.

"Haya fundi," akasema. "Nitakungoja chini."

"Utaningoja juu. Na ukishuka kabla yangu, usinijue."

Aliahidi. Bahati ilikuwa upande wangu, maana mvua zilikuwa zimelijaza maji duara lao, na walikuwa bado wanalikausha kwa pampu. Likikauka, wanashuka. Huo ndio muda niliokuwa nao, na sikuwa na nia ya kuuchezea.

Mimi ni fundi wa elektroniki. Nina kibanda hapohapo Ngokolo, natengeneza redio, televisheni, inveta za sola na chaja zilizounguzwa na umeme wa kukatikakatika. Nilisoma chuo nikahitimu, lakini wateja wapya wakifika bado wananiuliza fundi yuko wapi. Nawajibu kwamba ametoka kidogo, nawaacha wakae kwenye benchi wamsubiri, na mimi naendelea kusolda. Wengine hukaa pale muda mrefu sana.

Kisanduku cha kwanza nilikijenga kwa kidhibiti cha bei ya chini, chipu yenye kompyuta ndogo ndani, vile vinavyouzwa madukani Mwanza. Nikakipeleka kukijaribu kwa jirani yangu mwenye mashine ya kusaga. Mota ya mashine ile ikiwashwa, redio zote za mtaa zinakwaruza, na vumbi la unga linaingia mpaka kwenye kitasa. Machimboni kuna jenereta, kuna feni kubwa za kusukumia hewa, kuna vumbi. Nikaona kwa jirani vyote ninavyo isipokuwa dhahabu. Kisanduku kikaganda siku hiyohiyo. Nikakiwasha upya, kikaganda tena. Kilichoniudhi si kuganda kwenyewe, ni kutojua sababu. Kidhibiti kile kimefungwa. Aliyekitengeneza ndiye anayejua kilichomo ndani, na huwezi kumpigia simu ukamwuliza.

Ndipo nikazikumbuka bodi mbili zilizokuwa zimelala kwenye katoni chini ya meza. Nilizipata kwa wauza vyuma chakavu, zimeng'olewa kwenye mitambo ya mawasiliano. Katikati ya kila bodi kuna chipu ambayo kiwandani haikupewa kazi yoyote. Ndani yake ni uwanja wa vijisaketi vitupu, na wewe mwenyewe ndiye unayeandika viunganishwe vipi. Ukitaka iwe saa, inakuwa saa. Ukitaka iwe prosesa, unaipa mchoro wa kiini cha prosesa, na inakuwa hiyo mpaka utakapoifuta. Viini vya namna hiyo wako watu wameviandika na kuviweka mtandaoni huria, kila mstari unasomeka. Unaweza kuingia ndani ukatembea chumba kwa chumba. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitaka.

Nikapakua vitatu. Mama aliponiona nimeinamia kompyuta tangu asubuhi, akaniuliza nahangaika na nini. Nikamwambia nachagua ng'ombe wa kulimia. Akavuta kigoda akakaa, na toka hapo vikapata majina: kikubwa tukakiita Fahali, cha kati Maksai, kidogo Ndama.

Fahali alikuwa na kila kitu. Anashika amri inayofuata kabla hajaimaliza iliyotangulia, ana ghala lake la kumbukumbu la karibu ili asingoje, na ana saa zake za ndani zinazofanya kazi ndogondogo bila kumsumbua. Maksai hana haraka; anaimaliza amri moja ndipo anaigusa nyingine. Ndama nilimcheka. Namba ambayo wenzake wanaijumlisha kwa mkupuo mmoja, yeye anaichukua biti mojamoja, kama mtu anayehamisha mchanga kwa kijiko. Sifa yake moja ilikuwa kwamba hachukui nafasi. Chipu zangu zilikuwa za zamani na ndogo. Fahali akiingia anaijaza yote, Maksai anaingia mmoja, lakini Ndama wanaenea wawili na uwanja unabaki.

Nikawapa wote kazi moja. Soma kihisi cha gesi, linganisha na kiwango, hewa ikiwa mbaya piga king'ora. Pembeni nikaweka taa ya kupepesa, ili wa juu wajue kisanduku kiko hai. Mezani kwangu Fahali hakuwa na mpinzani. Nilipoupeperusha moshi wa kiberiti mbele ya kihisi alilia palepale. Maksai akafuata, na Ndama akaja nyuma anajikokota.

"Nani kashinda?" mama akauliza.

"Fahali."

"Fahali anakula sana, mayu."

Aliniita mama kwa Kisukuma, akitania, ila ni kweli betri ilikuwa inaisha mapema mno. Nikasema nitaongeza betri. Chuoni tulifundishwa kushindanisha prosesa kwa kasi, na mimi kasi naipenda.

Nikampeleka Fahali kwa jirani, nikamtundika ukutani nyuma ya mota. Mashine ikasaga, vumbi likapanda, redio zikakwaruza, na taa yangu ikaendelea kupepesa. Kesho yake nikapita, inapepesa. Keshokutwa, inapepesa. Nilijiona bingwa. Nikapiga simu Nyarugusu nikajisifu bila haya, na mdogo wangu akaniambia harakisha basi, dada, maji yamebaki ya magotini.

Kabla ya kukifunga kisanduku nikataka jaribio la mwisho. Nikatia jiko lenye makaa mekundu ndani ya pipa pale uani, nikakishusha kisanduku kwa waya kikiwa kinawaka vilevile kilivyotoka mashineni, nikafunika. Mkaa uliofungiwa unatoa gesi ileile ya moshi wa jenereta, isiyo na harufu wala rangi. Nikaketi nisikie king'ora.

Kimya. Nikanyanyua mfuniko kidogo nikachungulia. Taa inapepesa, changamfu kabisa.

Nikakivuta nje, nikakiunganisha na kompyuta. Fahali alikuwa ameganda, na si leo. Hesabu ya mara alizosoma kihisi ilikuwa imesimama tangu siku ya kwanza kule mashineni. Siku zote nilizopita nikijipongeza, nilikuwa naipongeza maiti. Taa haikuwa inapepeswa na yeye. Nilikuwa nimeikabidhi kwa moja ya zile saa zake za ndani, ili asipoteze muda kwa mambo madogo, na saa ile inapepesa tu. Haina habari kama mwenye nyumba mzima au amekufa.

Nilikaa chini uani. Niliona waziwazi: mdogo wangu kalala kifudifudi chini ya ardhi, na juu taa yangu, kazi ya mikono yangu, inawaambia wenzake kila kitu shwari. Sijawahi kuogopa namna ile. Mama alikuja akasimama karibu, akalimwagia jiko maji. Kisha nikapandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira nafanya kazi vizuri.

Nikakirudia kile kisa alichokuwa akikisimulia huku anatafuna michembe. Hakupiga kelele. Asingeweza, mtu anayezimia hapigi kelele. Kilichomwokoa ni kamba iliyonyamaza, kwa sababu wa juu alikuwa ameizoea kuisikia. Na mimi nilikuwa nimejenga kitu cha kupiga kelele. King'ora kikifa, kimya chake kinafanana na kimya cha usalama. Nilitakiwa nijenge kamba.

Nikauondoa ule wimbo wote wa king'ora. Kuanzia hapo taa ndiyo kamba. Kiini kinasoma kihisi, kinalinganisha, na kikikuta hewa ni safi, chenyewe, kwa mkono wake, kinapepesa taa mara moja. Kisipopepesa, mtu anavutwa. Iwe hewa imeharibika, iwe waya umekatika, iwe kiini kimekufa, juu hawana haja ya kujua ni lipi. Wanavuta kwanza.

Basi mashindano nikayaanza upya, na safari hii sikuuliza nani ana kasi. Niliuliza ukifa, utanyamaza? Nikawa nawaua. Nilikata umeme katikati ya kazi, niliwachanganyia kumbukumbu, niliwatundika wote kwa zamu nyuma ya ile mota. Jirani akaniuliza kama nimefilisika, mbona nahamishia duka kwake. Fahali nilimlazimisha apepese taa mwenyewe, akakubali, lakini umeme ukiyumba anachukua muda mrefu kuamka na kujipanga, na kuna namna nyingi mno za kuganda ndani yake ambazo sikuweza kuzifikia zote. Msimbo wake ni mrefu. Ukishika kona hii, ile inakuponyoka. Maksai alikuwa mkweli, sina la kumlaumu, ila alikuwa peke yake na nafasi ya kumwekea mwenzake haikuwepo.

Ndama nilimsoma mstari kwa mstari, juu mpaka chini, mpaka nikawa naweza kukuambia ukimzima hapa anasimamia wapi. Kujikokota kwake hakukuwa na ubaya wowote. Hewa haiharibiki kwa kufumba na kufumbua, na kamba haivutwi kila wakati. Nikawatia wawili ndani ya chipu moja, kila mmoja anasoma kihisi chake, na taa haipepesi mpaka wote wawili wakubaliane kwamba hewa ni safi. Mmoja akiganda, taa inazimika. Wakibishana, inazimika. Nikawatia kwenye pipa la mkaa: zii. Nikawatoa nje wakapata hewa, wakaanza tena wenyewe. Nililirudia jaribio lile mpaka mama akaniambia mkaa umekwisha na yeye anataka kupika.

Nikafunga safari ya Nyarugusu.

Mwenye duara alikuwa mzee mmoja mkavu, wa maneno machache. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anakitazama kisanduku, si mimi. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Zamu yangu ikisimama, nimepoteza," akasema. "Hiki kikinivutia mtu bure, hata mara moja, nakitia kwenye karasha kisagwe pamoja na mawe."

"Sawa, mzee."

"Na wewe utakaa kule." Akanionyesha mstari wa mawe uliozunguka mdomo wa duara. "Hapa mwanamke havuki. Dhahabu inakimbia."

Nilikuwa na la kumjibu, na lilikuwa tamu. Nikalimeza. Sikwenda pale kubishana na dhahabu. Nilikwenda kumshusha mdogo wangu na kumpandisha. Nikamfundisha yeye mwenyewe namna ya kukifunga kisanduku kiunoni na kuupitisha waya sambamba na kamba. Taa ya juu nilikuwa nimeweka ya indiketa ya pikipiki, ya rangi ya chungwa, ili niione nikiwa mbali. Wakaifunga kwenye nguzo ya winchi. Nikamwambia kijana wa winchi, mwanaume mwenye ndevu zake na mabega ya kubebea magunia, kwamba taa ikinyamaza asiulize, avute.

"Nimeelewa, fundi," akasema.

Nikaketi kwa mama lishe, nyuma ya mawe, na kikombe cha chai ambacho sikukinywa. Kwa desturi yao wa kwanza wa zamu hushuka peke yake kukagua, wengine wanamfuata. Siku hiyo wa kwanza alikuwa mdogo wangu. Alinipungia mkono, akazama. Taa ikaanza kupepesa: moja, kituo, moja, kituo. Mama lishe akaniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu nipo, mama, nipo tu.

Watu wa duara la jirani nao walikuwa wanakausha maji. Wakawasha pampu yao ya petroli.

Taa ikapepesa, kituo. Ikapepesa, kituo. Halafu kituo kikawa kirefu. Nikasimama. Nikamtazama yule wa winchi. Alikuwa ameiona, alikuwa anaitazama. Akanyoosha mkono, na badala ya kushika winchi akaigonga taa kwa kidole, vile mtu anavyoigonga tochi iliyolegea betri. Akaigonga tena. Akaushika waya akautikisa. Akamwangalia mwenye duara, na nikaelewa anawaza nini: akivuta bure, kisanduku kinakwenda karashani, na yeye mwenyewe pengine kazi hana.

Sikumbuki kukiweka kikombe chini. Nakumbuka mawe, jinsi yalivyokuwa madogo, mtu anaweza kuyavuka bila kuinua gauni. Nikaushika mkono mmoja wa winchi.

"Vuta," nikamwambia. "Vuta, baba, vuta."

Hakusogea. Winchi ile bila mabega yake ni ya watu wawili, na mimi nilikuwa nimening'inia upande mmoja kwa uzito wangu wote, haiendi. Mwenye duara akaja kwa hatua kubwa. Nilidhani anakuja kunitoa, na nilikuwa tayari anitoe na mkono wa winchi wenyewe. Akaitazama taa. Akanitazama. Kisha akamsukuma yule mwanaume pembeni, akaushika mkono wa pili, tukazungusha.

Mdogo wangu alitokea akiwa amesimama kwenye kitanzi chake, macho wazi, amenuna.

"Mmenivutia nini? Nilikuwa ndiyo kwanza nafika." Akaniona nilipo, ndani ya mawe, akashtuka. "Dada, kimeharibika?"

Mwenye duara alikuwa anamtazama yeye, kisha kisanduku, na uso wake ulikuwa umeanza kukaza. Mimi nilisimama pale roho mkononi, nikawaza inawezekana nimekosea, inawezekana Ndama wangu wamegombana tu.

"Mimi mzima kabisa," mdogo wangu akasema. "Sina hata kikohozi. Mnanipotezea muda." Akainama afungue fundo la kamba kiunoni. Fundo alilolifunga mwenyewe asubuhi, ambalo amelifunga na kulifungua miaka yote ya kazi yake. Vidole vikalipapasa, vikateleza. Akajaribu tena. Akacheka kidogo, akaviangalia vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Halafu akaanguka kitako, akatapika kwenye vumbi.

Nikampiga mgongoni, nikampulizia, nikamwagiza mama lishe maji. Nililia pia, waziwazi, mbele ya wanaume wote wale, na sikujali. Mwenye duara akainama mdomoni mwa shimo akasikiliza. Kutoka chini ulikuwa unasikika mngurumo wa pampu ya majirani, karibu mno. Kuna mahali mashimo mawili yalikuwa yamekutana huko chini bila mtu kujua, na moshi ulikuwa umepata njia. Akamtuma mtu aende wakaizime.

"Sikujisikia vibaya, dada," mdogo wangu akawa anarudia. "Hata kidogo. Ningeendelea tu."

"Najua."

Tulimlaza kivulini kando ya winchi, kichwa kwenye mapaja yangu. Kisanduku tukakishusha tena chini, peke yake, kwa kamba. Feni ikaendelea kusukuma hewa. Yule wa winchi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, anaitazama taa iliyozimika, na sote tukawa tunaitazama. Tulikaa hivyo mpaka jua likatuhamishia kivuli.

Ikapepesa mara moja. Ikapepesa tena. Moja, kituo, moja, kituo, kutoka chini ambako hapakuwa na mtu. Yule wa winchi hakuigonga. Wala hakuna aliyeniambia nirudi nyuma ya mawe.